Nyumba ya Bournville na nyumba ya Butembo

Kuna mazungumzo ambayo yako kwetu nyumbani, na najua yako katika familia nyingi za hapa. Yaya yangu anaishi Birmingham, Uingereza, na kila mwezi analipa kodi kwa mwenye nyumba. Sasa anataka kununua yake, katika mtaa mdogo unaoitwa Bournville. Wazee wanauliza: kwa nini akope pesa ya miaka thelathini huko, wakati parseli iko hapa Butembo? Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, siko mwanasheria. Lakini tumesoma mambo hayo pamoja naye kwa miezi kadhaa, na tumekuta jambo moja ambalo familia zetu nyingi hazilijui na ambalo linaweza kula pauni elfu kumi na tano, hata ishirini. Nitalifikia.

Kwanza mtaa wenyewe. Wale wanaofanya kazi ya kakao kama mimi watafurahi: Bournville ilizaliwa na chokoleti. Mwaka 1879 ndugu wawili, Richard na George Cadbury, walitoa kiwanda chao katikati ya mji wakakipeleka shambani. (Kakao yao haikutoka kwetu, baadaye sehemu kubwa ilitoka São Tomé, na habari ya wale walioilima ni ya uchungu, ya siku nyingine.) Kuanzia 1895 George akajenga nyumba karibu na kiwanda, na si kwa wafanyakazi wake peke yao. Sheria yake njo ilinivutia mimi kama mwagronomi: nyumba isichukue zaidi ya robo moja ya parseli. Kama parseli ni mita 400 za mraba, nyumba inaishia 100, inayobaki ni bustani. Bustani ile ililimwa na kupandwa miti ya matunda, matofaa na mapeasi, kabla mtu hajaingia kukaa. Mwaka 1900 akatoa mali yote kwa shirika la amana, Bournville Village Trust, ambalo lipo mpaka leo.

Kwa hiyo anayenunua pale ananunua pamoja na masharti. Kubadilisha madirisha ya mbele, kukata mti, kung'oa wigo wa majani ili kupata mahali pa gari: yote yanaombewa ruhusa kwa shirika lile, na kila mwaka kuna mchango kidogo wa kutunza mtaa. Cadbury alikuwa Mkweka, hakunywa pombe, na hakuruhusu baa. Ukitaka baa unatoka nje ya mtaa. Wengine wataona ni utumwa. Mimi naona ni bei ya kivuli cha miti. Nyuma ya nyumba uko huru kulima mboga: wakati wa joto lenga-lenga inatoka vizuri, lakini muhogo baridi itaua.

Sasa, unanunua nini hasa? Hapa kwetu sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki juu yake, na sertifika ya konservateri njo inaonyesha haki hiyo. Tunadhani kwa Wazungu ni tofauti, mtu anamiliki mpaka chini kabisa. Kumbe haiko vile! Kwa sheria ya Uingereza ardhi yote inashikwa kutoka kwa Mfalme. Tangu sheria ya 1925 zimebaki namna mbili tu za kuishika kisheria. Ya kwanza ni frihodi, haki isiyo na mwisho. Ya pili ni lisihodi, haki ya miaka iliyohesabiwa. Miaka ikiisha, nyumba inarudi kwa mwenye frihodi. Fleti nyingi ni za lisihodi, na mtu lazima aulize miaka mingapi imebaki, sababu ikipungua sana benki zinakataa kukopesha. Bournville ya zamani iliuzwa kwa lisihodi ya miaka 999. Mkataba wa 1896 utaisha 2895, kwa hiyo hakuna wa kukosa usingizi. Haki hizo zinaandikwa katika daftari la ardhi la taifa, na mtu yeyote akilipa ada ndogo anaweza kuona jina la mwenye nyumba. Fikirieni hiyo ingekuwa hapa Butembo, kesi ngapi za parseli iliyouzwa mara mbili zingekufa.

Lakini njia ya kufika kwenye daftari ni ndefu. Hapa unatoa akonti mbele ya mashahidi na shefu wa kartie, na neno limekwisha funga. Kule unasema bei, mwenye nyumba anakubali, na bado hamujafunga chochote. Mwanasheria wako anauliza serikali ya mji juu ya barabara, mifereji na mipango ya ujenzi. Mkaguzi unayemlipa wewe anatafuta unyevu na nyufa. Benki nayo inapima. Wiki zinapita, miezi pia. Wakati huo wote muuzaji anaweza kumpokea mwenye bei kubwa zaidi, na wewe pesa ya mkaguzi imepotea. Neno linafunga siku ya kubadilishana mikataba, ndipo unatoa kwa kawaida asilimia 10. Kuanzia pale ukikimbia, akonti inabaki kwa muuzaji.

Hesabu tuliifanya kwa nyumba ya pauni 300,000, ni mfano tu. Asilimia 10 ni 30,000, unakopa 270,000. Kwa riba ya asilimia 4.5, miaka 30, ni karibu pauni 1,368 kila mwezi, na mwisho utakuwa umerudisha zaidi ya 490,000. Benki nyingi hazipendi kupita mara nne na nusu ya mshahara wa mwaka, kwa hiyo yaya na bibi yake pamoja wanahitaji kama 60,000. Ongeza kodi ya mji, ambayo mpaka leo inapimwa kwa thamani ya nyumba mwaka 1991. Wazee waliposikia hiyo 1,368 walinyamaza, wakaelewa sababu gani Western Union imepunguka.

Sasa lile jambo. Serikali ya Uingereza inatoza kodi ya kununua nyumba. Anayenunua kwa mara ya kwanza halipi kitu mpaka pauni 300,000. Lakini "mara ya kwanza" maana yake ni kwamba hujawahi kuwa na nyumba ya kukaa popote duniani, hata ya urithi, na mkinunua wawili wote wawili muwe hivyo. Kama unayo nyingine, kodi kwa mfano wetu ni pauni 5,000. Na kama ile nyingine bado ni yako na thamani yake inafika pauni 40,000, wanaongeza asilimia 5 ya bei yote: jumla 20,000. Butembo iko ndani ya dunia.

Parseli tupu haihesabiwi kuwa nyumba. Kwetu kulikuwa msingi tayari, na wajomba walitaka sertifika itoke kwa jina la yaya "juu ya heshima", sababu alituma pesa ya simenti. Nilikataa. Siko ninafundisha watu kuficha mali: kwenye fomu ya kule unatamka kwamba uliyoandika ni kweli, na kama nyumba ni yako, andika ni yako, ulipe. Lakini tusimwandikie mtu mali ambayo haiko yake kwa kumpamba tu. Parseli ile baba alimwachia mama, yeye njo analima maharagi pale. Tumekubaliana: sertifika itatoka kwa jina la mama, msingi utangoja kwanza, na yaya amwambie mwanasheria wake kila kitu, pamoja na pesa ya simenti.