Je, Wajua? Gauni la Sarah Lilikuwa Mtego
Katika filamu ya Labyrinth (1986) ya Jim Henson, mavazi ndiyo yanayotuonyesha Sarah akikomaa. Binti huyu, aliyeigizwa na Jennifer Connelly, anaanza bustanini akikariri maneno ya mchezo, amevaa gauni refu juu ya jinzi. Anapoingia kwenye mzingile kumwokoa mdogo wake Toby, gauni halipo tena; limebaki jinzi, shati na kizibao. Wapo watakaosema gauni jeupe la dansi ndilo kilele chake. La hasha! Hilo analivaa katika njozi aliyotegewa na Jareth, mfalme wa vibwengo aliyemchukua Toby, kwa tunda lenye uchawi, naye anavunja ukuta kwa kiti na kutoroka. Ushujaa wake unatokana na uamuzi wake, si mapambo.