Stendi ya Video: Kichwa Kisiposawazika, Salio Halilipwi

MTWARA: Minada ya korosho, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba, huleta msimu wa wapiga video pia. Fedha ikishaingia mikononi mwa wakulima, harusi hufuata na sherehe za kutoa mwali huongezeka. Mpiga video hupokea malipo ya awali, na salio hulipwa mteja akishaiona kazi. Picha ikiyumba wakati bibi harusi anaingia ukumbini, salio hilo huwa na mgogoro, maana tukio halirudiwi.

Wengi huweka mtaji wote kwenye kamera, kisha wakanunua stendi yoyote. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Ununue kichwa kipi?

Kichwa ni sehemu iliyo kati ya miguu ya stendi na kamera. Kile kinachofaa kwa video kina mafuta mazito ndani, yanayoifanya kamera igeuke taratibu bila kushtuka. Eric Miller wa Australia ni miongoni mwa walioanzisha vichwa vya namna hiyo, miaka ya 1940. Siku hizi jina hilo hubandikwa hata kwenye vichwa vyenye grisi tu, visivyo na springi ya kusawazisha uzito.

Kabla ya kununua, pima kamera yako kwenye mizani ikiwa na betri, maikrofoni na taa yake. Kwa mfano, kamera ya kilo 2.4 ikiongezwa vifaa vya kilo 1 inakuwa kilo 3.4, na kichwa kinachobeba kilo 3 hakitakufaa. Kikubwa mno nacho si kizuri, kwani springi yake huisukuma kamera ndogo irudi juu.

Nenda dukani na kamera yako. Igeuze polepole, kisha simama. Ikirudi nyuma kidogo yenyewe, kiache kichwa hicho. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mzigo wa Kariakoo hufika Mtwara kwa urahisi zaidi, lakini kurudisha kifaa kibovu bado ni safari ya zaidi ya kilomita 500.

Namna ya kusawazisha

Kwanza, simamisha miguu imara, kisha legeza bakuli chini ya kichwa na ulisogeze hadi povu la pimamaji likae katikati.

Pili, funga kichwa kisiiname. Pachika kamera ikiwa na kila kitu kitakachotumika, hata kioo cha pembeni kikiwa wazi.

Tatu, legeza breki za mafuta na uweke springi kiasi cha kati. Shika kamera kwa mkono, fungua kichwa, kisha sogeza sahani mbele au nyuma hadi kamera itulie ikiwa imelala sawa.

Nne, inamisha kamera kiasi na upunguze mkono taratibu. Ikiendelea kuanguka, ongeza springi. Ikirudi juu, punguza. Ikibaki pale ulipoiacha, imesawazika.

Tano, ndipo uweke breki za mafuta, na nguvu ya kuinamisha ilingane na ya kugeuza pembeni.

Kosa la kawaida ni kukaza breki ili kuficha uzito usiosawazika. Kamera itatulia, lakini mwendo wake utakuwa wa kukwamakwama, na mkono utachoka kabla ya keki kukatwa. Ukibadilisha betri au kuongeza taa, rudia hatua ya tatu na ya nne. Ukiondoka hata kwa dakika moja, funga kichwa.

Pwani ina masharti yake

Wanaopata kazi za utalii Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, wana matatu zaidi ya kuzingatia. Mchangani miguu huzama, hivyo weka kipande cha ubao chini ya kila mguu na upime povu mara kwa mara. Upepo wa kusi ukivuma, shusha stendi na uning'inize mfuko wa mchanga katikati, karibu uguse ardhi. Ndani ya mashua stendi haisaidii, kwani chombo chenyewe kinayumba; beba kamera begani.

Jioni, futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi, kisha kausha. Usimwagie kichwa maji, wala usikifungue ili kukiongeza mafuta.

Ushauri wetu wiki hii: anayepanga kuongeza kamera ya pili msimu huu aipime kwanza ya kwanza juu ya stendi aliyonayo. Kusawazisha huchukua dakika tano wala hakuna gharama. Kamera ikidondoka sakafuni, mtaji wa msimu mzima umekwenda.