Mabaka meusi usoni: tusikimbilie krem ya posho mbili

Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi tunakificha chini ya poda: mabaka meusi usoni.

Mwaka niliomaliza masomo hapa Lubumbashi, uso wangu ulijaa chunusi, na kila chunusi iliyopona iliacha doa jeusi. Nilikuwa natayarisha dosie ya kuomba kazi katika kampuni moja ya migodi, na dosie inataka picha. Nikaenda soko. Mama muuzaji akaniangalia, akacheka: "Mutoto wangu, usiogope. Hii iko nguvu. Paka asubui na mangaribi. Posho mbili tu, uso inang'aa." Kopo halikuwa na maandishi yoyote, dawa alichanganya mwenyewe. Nikalipa.

Na kweli, kisha wiki mbili niling'aa. Picha ikatoka nzuri. Lakini mwezi wa nne ngozi ilianza kuwaka moto kila nikitoka juani. Mishipa midogo ikaonekana mashavuni. Nikikaa siku tatu bila kupaka, chunusi zinarudi kwa wingi, na madoa yakawa meusi kuliko zamani. Yaya yangu njo alinishika mkono: "Weye, unapakaka nini ku uso? Twende kwa dokta, leo leo." Niliyofundishwa na daktari wa ngozi njo nawaletea hapa.

Kwanza, doa ni nini? Ndani ya ngozi kuna chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo ni mwavuli wetu mbele ya jua. Ngozi ikiumizwa na chunusi, wembe, moto au kukwaruzwa, chembe hizo zinashtuka na kumwaga rangi kupita kiasi. Kwetu wenye ngozi nyeusi zinashtuka upesi zaidi, kwa hiyo alama inakaa sana. Basi doa si uchafu. Ukisugua, unaongeza kidonda. Mimi nilikuwa napaka hata limau, kumbe limau na jua vikikutana vinaunguza ngozi na kuacha doa jipya! Kuna pia mabaka mapana ya mashavuni na kwenye paji la uso, yanayokuja wakati wa mimba au kwa sababu ya vidonge vya kupanga uzazi. Hayo pia jua linayazidisha.

Pili, ndani ya kopo kunaweza kuwa na nini? Mara nyingi ni vitu vitatu. Kuna klobetasoli, dawa kali ya magonjwa ya ngozi. Inazima uvimbe upesi, njo maana ya ule mng'ao, lakini ikipakwa miezi mingi inakondesha ngozi na kuleta chunusi zake yenyewe. Kuna hidrokinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Ikipakwa kwa wingi na kwa muda mrefu, inaweza kuacha weusi wenye rangi ya buluu mashavuni, ambao ni vigumu sana kuutoa. Daktari Findlay aliueleza ugonjwa huo Afrika Kusini mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi ile ikakataza hidrokinoni katika vipodozi. Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo 2001. Cha tatu ni zebaki, inayoharibu figo na mishipa ya fahamu, na kumfikia mtoto tumboni. Katika Mkataba wa Minamata, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyenye zebaki viishe kufikia 2025. Ukiona kopo linaonya lisiguse dhahabu wala fedha, liache palepale.

Ona basi: nilienda kutafuta dawa ya doa, nikanunua kinacholeta doa.

Tatu, tufanye nini? Zima kwanza moto wenyewe: tibu chunusi, usizitumbue, na wembe ukikuletea vipele, badilisha namna ya kunyoa. Kisha jifunike na jua. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na jua letu si la mchezo hata wakati wa baridi ya kiangazi. Kofia, mwavuli, na krem ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi; ile yenye rangi inasaidia zaidi. Nyuma ya hapo njo dawa: asidi ya azelaiki, niasinamidi, au retinoidi, ambayo mama mwenye mimba hapaswi kuigusa. Hata hidrokinoni daktari anaweza kuiandika, lakini kwa kipimo kidogo na kwa miezi michache tu.

Na hii musiisahau: doa jeusi linalokua chini ya mguu, kwenye kiganja au chini ya ukucha, usilipake kitu. Kimbia kwa daktari. Bob Marley alikufa 1981 kwa kansa iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu.

Uso wangu ulichukua zaidi ya mwaka kutulia, na madoa mawili yangali. Kazi ile sikuipata; nyingine nikaipata kisha, na hakuna aliyeniuliza juu ya mashavu yangu.

Kama weye uko na kopo lako nyumbani, usione haya. Usiache ghafla kama umepaka miezi mingi. Libebe mpaka kwa daktari, alione, akuonyeshe namna ya kuacha polepole. Na kama petit wako anakuomba pesa ya krem ya posho mbili, mupe hizo pesa, lakini mumpeleke pamoja kwa dokta.