Makala ya Sayansi na Afya: Protini za Mshtuko wa Joto na Saratani ya Matiti

Leo tunaelekea mjini Sydney, Australia, kulitafutia jibu swali linaloulizwa katika kila wodi ya saratani, iwe ni Dar es Salaam, Nairobi au Muscat: kwa nini dawa iliyomfaa mama mmoja humshinda mwenzake aliyelazwa kitanda cha pili, hali ya kuwa ugonjwa wao una jina moja?

Swali hilo si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu wapatao 670,000 walifariki dunia kwa maradhi hayo. Wengi kati ya hao hawakuuawa na uvimbe wa kwanza, bali na saratani iliyosambaa mwilini, mara nyingi baada ya dawa kuacha kufanya kazi.

Katika mtaa wa Darlinghurst, katikati ya Sydney, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Garvan imepakana na Hospitali ya St Vincent's. Aliyeongoza utafiti wa saratani hapo kwa miaka mingi ni Profesa Robert Sutherland, mzaliwa wa New Zealand aliyefariki dunia mwaka 2012. Hata kabla ya kujiunga na Garvan, akiwa bado katika tawi la Sydney la Taasisi ya Ludwig, yeye na wenzake walichapisha mwaka 1983 uchunguzi kuhusu tamoksifeni, dawa inayozuia homoni ya istrojeni isichochee seli za saratani ya matiti. Walibaini kwamba dawa hiyo huzisimamisha seli katika hatua za awali za mzunguko wake, kabla hazijaanza kunakili vinasaba ili zigawanyike. Seli nyingi zilikuwa zimezuiliwa mlangoni, wala hazikuwa zimekufa. Na aliyezuiliwa mlangoni huenda siku moja akapata njia ya kupita.

Seli walizozitumia huitwa MCF-7. Asili yake ni majimaji yaliyotolewa kifuani mwa mgonjwa mmoja nchini Marekani mwaka 1970, nazo zimekuwa zikioteshwa katika maabara za dunia nzima tangu wakati huo. Seli za ukoo huo huo zilikuwa zikichunguzwa pia mjini San Antonio, Texas, katika maabara ya Dakta William McGuire. Huko, mwaka 1980, watafiti waliona kwamba zikipewa istrojeni hutengeneza kwa wingi protini fulani. Kwa kuwa hawakuijua, waliipa jina la uzito wake tu: 24K. Ilichukua miaka tisa kundi hilo kuonyesha kwamba protini hiyo huongezeka pia seli zinapopashwa joto. Mgeni huyo kumbe alikuwa akijulikana kitambo kwa jina jingine, yaani HSP27, mmoja wa jamaa wa protini ndogo za mshtuko wa joto.

Na hizo ni protini gani? Mwaka 1962 mwanasayansi wa Italia, Ferruccio Ritossa, aliripoti kwamba nzi wadogo wa matunda wakiwekwa kwenye joto lililozidi kiasi, baadhi ya sehemu za kromosomu zao huvimba. Baadaye ilidhihirika kuwa hapo ndipo vinasaba vinapoamka kutengeneza protini za kuinusuru seli. Tazama ute wa yai unavyokuwa mweupe na mgumu ndani ya sufuria: protini zake zimekunjuka na kushikamana, wala haziwezi kurudi zilivyokuwa. Seli hai ikipatwa na joto, sumu au upungufu wa oksijeni, hukabiliwa na hatari kama hiyo. Protini hizi ndogo huzishika zile zilizoanza kukunjuka, zikazizuia zisigandane mpaka protini kubwa zaidi zije kuzinyoosha. Sisi watu wa pwani tungeweza kuziita makungwi, maana kazi yao ni kumsimamia mwingine ili asiharibikiwe. Mwanadamu ana aina kumi za jamaa hawa. Mmoja wao, alfa B kristalini, yumo kwa wingi katika lenzi ya jicho na husaidia kuizuia isipate ukungu wa mtoto wa jicho.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja. Neno "joto" katika jina hili halina maana kwamba homa, jua kali au kupika jikoni huleta saratani ya matiti. Ni jina la kihistoria tu, lililotokana na joto walilopata wale nzi.

Tatizo ni kwamba kungwi huyu hachagui mwari. Seli ya saratani huishi katika dhiki: hukua upesi, oksijeni huipungukia, na juu ya hayo hupigwa na dawa. Kwa hiyo huhitaji ulinzi kuliko hata seli nzima, na baadhi ya seli hizo hujitengenezea ulinzi huo kwa wingi. Seli iliyoharibika sana kwa kawaida hujiua yenyewe, lakini HSP27 na alfa B kristalini huikata amri hiyo kabla haijatekelezwa. Mwaka 1993 watafiti wa San Antonio walionyesha kuwa seli za saratani ya matiti zilizoongezewa HSP27 ziliistahimili zaidi dawa ya doksorubisini, na zilizopunguziwa zikawa dhaifu mbele yake. Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani waliripoti kwamba alfa B kristalini inapopatikana katika uvimbe wa matiti huashiria matokeo mabaya. Nayo huonekana zaidi katika aina kali ya saratani isiyokuwa na vipokezi vya homoni wala ya HER2, aina ambayo tamoksifeni haiiwezi.

Hata hivyo, habari za HSP27 zimekinzana. Tafiti nyingine hazikuona kwamba wingi wake unabashiri hali ya mgonjwa. Kwa maoni yangu hilo si la kushangaza, kwani istrojeni yenyewe huiongeza, na uvimbe wenye kuitikia istrojeni ndio ambao kwa kawaida una matumaini zaidi. Aidha, mwaka 2021 kundi la Profesa Alex Swarbrick wa Garvan lilichapisha uchunguzi wa uvimbe 26 wa saratani ya matiti, likichambua zaidi ya seli 130,000 mojamoja. Lilionyesha jinsi uvimbe mmoja unavyobeba seli za hali mbalimbali. Anayeusaga uvimbe wote pamoja na kupima wastani anaweza asizione seli chache zilizojificha nyuma ya mlinzi.

Je, mlinzi huyo anaweza kunyang'anywa silaha? Dawa ya apatorsen ilibuniwa ili kuzuia HSP27 isitengenezwe, lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho haikurefusha maisha yao, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2017. Kazi ni ngumu kwa sababu protini hizi ndogo hazitumii nishati zinapowashika wenzao, hivyo hazina lile tundu la nishati ambalo dawa nyingi hulilenga. Isitoshe, macho, moyo na misuli huzihitaji. Kilomita 80 hivi kusini mwa Sydney, katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Profesa Heath Ecroyd na wenzake wamekuwa wakichunguza jinsi protini hizi zinavyozishika nyingine, maarifa yatakayohitajika kabla ya kuzizuia bila kumpofusha mgonjwa.

Kwa sasa vipimo vya kawaida vya uvimbe wa matiti ni vya vipokezi vya istrojeni na projesteroni, pamoja na HER2. Hivyo ndivyo vinavyomwongoza daktari katika kuchagua dawa, na mgonjwa ana haki ya kuuliza majibu yake. Anayepewa tamoksifeni huimeza kila siku kwa miaka mitano hadi kumi. Na wapo ambao saratani huwarudia si kwa sababu ya protini yoyote, bali kwa kuwa vidonge vilikatizwa njiani.