Bima ya Gari: Bei Moja Jinja na Mbale, Fidia si Moja

Katika barabara kuu itokayo Jinja kwenda Iganga, na katika ile ya Tirinyi inayofika Mbale, polisi wa trafiki husimamisha magari na pikipiki kila siku, na miongoni mwa mambo ya kwanza wanayoyatazama ni stika ya bima. Stika ikiwa haijapitwa na tarehe, dereva huambiwa aendelee na safari. Lakini ni wachache, kati ya wanaokagua na wanaokaguliwa, ambao wamepata kujiuliza kwamba stika hiyo inamwahidi nani, inamwahidi kiasi gani, na ahadi yenyewe inafika wapi.

Maswali hayo yana uzito kwa askari kuliko kwa wananchi wengine wengi. Askari ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko Jinja, kesho apewa amri ya kwenda Mbale, na keshokutwa aweza kutumwa mpakani Malaba au Busia. Akiwa na gari au pikipiki yake mwenyewe, chombo hicho humfuata. Yampasa basi aelewe ni jambo gani hubadilika katika bima yake anapobadili kituo, na ni jambo gani halibadiliki.

Bima ya lazima nchini Uganda ilianzishwa na Sheria ya Bima ya Magari ya mwaka 1989, inayohusu madhara yanayompata mtu wa tatu. Wazo lenyewe si geni duniani. Uingereza ililazimisha bima ya namna hiyo mwaka 1930, na Kenya na Tanganyika zikatunga sheria zao katika miaka ya 1940. Katika mapatano haya mtu wa kwanza ni mwenye chombo, na wa pili ni kampuni ya bima. Mtu wa tatu ni yule asiyekuwamo katika mapatano lakini anaumizwa barabarani: mtoto anayetoka shule, mama anayerudi sokoni, au mwendesha baiskeli gizani. Stika hununuliwa kwa ajili yake huyo. Haimlipi mwenye gari kwa gari lake lililopondeka, wala haitengenezi ukuta wa duka uliobomolewa. Inahusu kifo na majeraha ya mwili wa binadamu.

Kwa bima hii Jinja na Mbale ni sawasawa. Ada yake haipangwi na wakala wa mji huu au wa mji ule. Imewekwa na kanuni za Serikali kwa nchi nzima, kwa kufuata aina ya chombo na kazi kinayofanya. Pikipiki ina ada yake, gari la mtu binafsi lina yake, na teksi na lori pia. Askari aliyenunua stika Jinja hana haja ya kununua nyingine afikapo Mbale. Ile ile ni halali mpaka tarehe yake iishe. Na akiambiwa na mtu kwamba mji wa pili una stika ya bei nafuu zaidi, yafaa ashuku kwanza, kwani stika iliyo chini ya bei ya Serikali yaweza kuwa ya kughushi, na stika ya kughushi haimlipi mtu yeyote.

Sasa tazama kiasi cha ahadi hiyo. Sheria ya 1989 iliweka kikomo cha fidia kuwa shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, na shilingi milioni 10 kwa ajali nzima. Lori likiingia katika kundi la watu 20 kando ya barabara, hesabu ni nyepesi na ya kusikitisha: wote wakigawana sawasawa, kila mmoja hupata laki 5. Mwishoni mwa mwaka ule wa 1989 shilingi milioni 1 ilikuwa sawa na zaidi ya dola 2,500 za Marekani. Leo haifiki dola 300. Maandishi ya sheria yalibaki vile vile, lakini thamani ya fedha ikapungua mwaka baada ya mwaka.

Hapa ndipo tofauti ya mahali inapojitokeza, nayo haiko kati ya Jinja na Mbale. Iko pale Malaba na Busia, na pale Lwakhakha upande wa Mbale, ambako hatua chache humvusha mtu hadi Kenya. Sheria ya Kenya humtaka mwenye gari awe na bima inayofika shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 80 za Uganda. Mguu uliovunjika ng'ambo hii ya mpaka na mguu uliovunjika ng'ambo ile una maumivu yale yale, lakini kikomo cha bima si kimoja hata kidogo.

Kwa sababu hiyo stika ya Uganda pekee haitoshi kuvuka nayo. Nchi za eneo hili zilitia sahihi mapatano mjini Addis Ababa mwezi Desemba 1986, yakaanza kazi mwaka 1987, na matunda yake ni ile hati iitwayo Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hiyo huombwa katika kampuni ya bima ya nyumbani kabla ya safari. Mwenye nayo akisababisha ajali Eldoret, majeruhi hulipwa kwa kufuata sheria ya Kenya. Akisababisha Kigali, kwa kufuata sheria ya Rwanda. Tena kadi hiyo, tofauti na stika, hugharimia pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Tanzania, ijapokuwa ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, iliendelea kushiriki katika mpango huu.

Iko pia bima kubwa, ambayo haikulazimishwa na sheria. Hii hulinda gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi, na ada yake hukatwa kwa kufuata thamani ya gari. Kwa mfano, gari lenye thamani ya shilingi milioni 20, likitozwa shilingi 4 kwa kila 100, litalipiwa shilingi 800,000 kwa mwaka. Kampuni huuliza gari lina umri gani, linafanya kazi gani, linaendeshwa na nani na linalala wapi. Basi katika bima hii mahali pana maana. Jinja iko kwenye njia ya malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Rwanda na Kongo, na hatari yake kubwa ni migongano ya barabara kuu. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, na mvua ya mlimani huishukia. Mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwenye gari wa Mbale aliye na stika tu, gari lake likisombwa na maji, hana wa kumdai. Aliye na bima kubwa naye ayasome mapatano yake aone kama neno mafuriko limeandikwa, na ni kiasi gani cha hasara atakachokibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa.

Askari anayehama na aiarifu kampuni yake ya bima kubwa kuhusu mahali papya gari linapolala. Na yule anayetoa pikipiki yake ifanye kazi ya bodaboda akiwa kazini, huku bima yake ni ya matumizi binafsi, ajue kwamba amejitafutia mashaka. Ikitokea ajali, kampuni yaweza kukataa mzigo na kumwachia yeye. Tena kikomo cha kampuni si kikomo cha deni. Majeruhi ana haki ya kwenda mahakamani kudai fidia inayozidi kile kilicholipwa na bima, na hukumu hiyo huangukia mshahara na mali ya mwenye chombo.

Jambo la mwisho ni la polisi hasa. Majeruhi hawezi kudai bila taarifa ya polisi, na taarifa isiyotaja namba ya gari, namba ya stika, jina la kampuni na tarehe ya mwisho wa bima ni kama barua isiyo na anwani. Familia nyingi huzika au huuza ng'ombe ili kulipa hospitali bila kujua kwamba kulikuwa na fedha, japo kidogo, zilizokwisha kulipiwa kwa ajili yao. Askari wa kwanza kufika mahali pa ajali, baada ya kuokoa uhai, na aandike mambo hayo manne kwa ukamilifu, kisha awaambie jamaa za majeruhi waende kampuni gani. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na ndiyo inayoifanya stika iliyokaguliwa asubuhi iwe msaada kwa mtu aliyelala wodini jioni.