Filta ya Mafuta: Ya Kubadilisha Nyumbani na ya Kumwachia Fundi

Dalili huanza mlimani. Pikapu ya dizeli iliyobeba maziwa au mboga huenda vizuri kwenye barabara tambarare, lakini ikianza kupanda inaishiwa nguvu, inakatakata na pengine kuzima. Kesho yake asubuhi inakataa kuwaka upesi. Wenye magari wengi hufikiria pampu au nozeli, vifaa vya bei ghali, ilhali mara nyingi kilichoziba ni filta ya mafuta. Kazi ya filta ni kuzuia uchafu usifike kwenye injini na, kwa magari mengi ya dizeli, kutenganisha maji na mafuta.

Vitabu vingi vya magari ya dizeli hutaja kubadilisha filta kati ya kila kilomita 20,000 na 40,000. Gari linaloshinda kwenye vumbi, au linalojazwa mafuta ya mitungi kando ya barabara, halifai kungoja hadi mwisho wa kiwango hicho.

Je, kazi hii yaweza kufanyiwa nyumbani? Inategemea gari.

Katika magari mengi madogo ya petroli ya miaka ya karibuni, filta imo ndani ya tangi pamoja na pampu. Kuifikia huhitaji kung'oa kiti cha nyuma au kushusha tangi, kisha kulifungua. Hapo ndipo hatari ilipo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini bila kuonekana hadi kwenye jiko la makaa lililo upande wa pili wa ua. Gari la aina hii lipelekwe kwa fundi mwenye nafasi ya wazi na vifaa vya kuzima moto.

Dizeli haishiki moto kwa wepesi huo, na katika pikapu nyingi filta iko chini ya boneti, mahali pa kufikika kwa mkono. Hii ndiyo kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya, mradi asiwe na haraka.

Gari liegeshwe nje mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na injini iachwe ipoe kabisa. Waya wa hasi wa betri utolewe. Jiko, sigara na watoto viwe mbali, na kizima moto cha unga kiwe karibu. Maji hayafai, kwani hueneza mafuta yanayowaka. Kopo liwekwe chini ya filta, kisha skrubu iliyo chini yake ilegezwe ili maji na dizeli vitiririke. Kwenye kopo, maji hukaa chini ya dizeli. Yakiwa mengi, shida huenda ni mafuta yanakonunuliwa, au ni tangi ambalo halijasafishwa kwa muda mrefu.

Waya wa kitambuzi cha maji uchomolewe, filta ya zamani ifunguliwe, na kitambuzi chenyewe kihamishiwe kwenye filta mpya. Ringi ya mpira ya zamani isirudishwe. Ile mpya ipakwe dizeli kidogo, kisha filta ikazwe kwa mkono kama ilivyoandikwa kwenye pakiti yake. Kukaza kwa nguvu zote za spana hupasua ringi, na gari huanza kuvuja.

Hatua inayowashinda wengi ni kutoa hewa. Pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta hubonyezwa mara nyingi hadi iwe ngumu. Ndipo betri iunganishwe na gari liwashwe. Kuna wanaovuta dizeli kwa mdomo kupitia mpira ili kuharakisha. Hilo ni kosa. Tone likiingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitalini. Aliyemeza mafuta asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali mara moja.

Magari mapya ya dizeli yana onyo jingine. Mabomba kati ya pampu kubwa na nozeli hubeba shinikizo linaloweza kupita mara 1,000 ya shinikizo la hewa ya kawaida, na mafuta yakifyatuka hupenya ngozi ya mkono. Mabomba hayo yasilegezwe nyumbani kwa hali yoyote. Vilevile, filta mpya ya magari haya isijazwe dizeli ya kumimina, kwani itaingiza uchafu ambao haujachujwa.

Filta pia haiwezi kutenganisha mafuta taa na dizeli. Yakichanganywa, hupita pamoja hadi kwenye pampu, ambayo hutegemea dizeli kuilainisha. Udanganyifu huo ndio uliochangia serikali ya kitaifa kuweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018, ili tofauti ya bei isiwavutie wachanganyaji. Mteja anayeshuku mafuta aliyouziwa ahifadhi risiti na kuripoti kwa EPRA, mamlaka inayodhibiti sekta ya petroli.

Inabaki filta ya zamani na kopo la dizeli chafu. Kumwaga mtaroni ni kuyapeleka mtoni na kisimani, na kuchoma filta nyuma ya nyumba ni kukaribisha moto. Dizeli hiyo itiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, kamwe si chupa ya soda ambayo mtoto atadhani ni kinywaji, kisha ipelekwe kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu. Filta iachwe ichuruzike usiku kucha kabla ya kupelekwa huko huko.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kuzima moto na uzoaji taka ni kazi za serikali za kaunti. Moto ukitokea, watu waondoke kwanza, kisha wapige 999 au 112.