Harufu ya ndimu Mpanda: hesabu siku, usihesabu chupa

Joto la Mpanda mwezi wa tisa halina huruma na pafyumu. Unajipulizia saa moja asubuhi ukitoka Makanyagio, saa nne uko sokoni na kilichobaki ni jasho lako mwenyewe.

Harufu ya kipwani, ile ya ndimu, mchaichai na mrehani, inafaa joto hili kuliko udi mzito unaokaba pumzi. Ila ina kasoro moja: ndimu ndiyo ya kwanza kukimbia. Harufu ya ndimu, limau na chungwa ni nyepesi, inaruka na hewa mapema. Ya sandali, udi na karafuu ni nzito, inang'ang'ania ngozi. Kwa hiyo kabla hujauliza chupa ni bei gani, uliza itakupeleka siku ngapi.

Hapa mjini una njia nne. Bei ninazotaja ni za mfano tu wa kupigia hesabu. Weka ile utakayoambiwa dukani.

Bodi sprei ya kopo

Inapatikana kila duka la vipodozi na kwa machinga. Tuseme kopo ni 7,000. Ukijipulizia asubuhi na jioni, mwezi ukiisha na kopo limeisha: kama 235 kwa siku. Inaonekana rahisi, lakini sehemu kubwa ya kilichomo kwenye kopo ni gesi na spiriti. Ule ubaridi unaousikia unapojipulizia ni gesi na spiriti vinavyoruka na hewa. Inafaa ukitoka kuoga ukiwa na haraka. Kwa siku nzima ya kazi, hapana.

Chupa ya kupulizia iliyoagizwa Dar

Soma maandishi ya chupa kwanza. Kati ya hizi tatu, *eau de cologne* ndiyo nyepesi zaidi, *eau de toilette* inafuata, *eau de parfum* ina mafuta mengi zaidi ya harufu na hukaa zaidi. Harufu za ndimu mara nyingi huuzwa katika hizo mbili za kwanza, kwa hiyo utajipulizia tena mchana, upende usipende.

Sasa gharama zisizotajwa kwenye picha ya simu. Chupa ya mililita 100 imeandikwa 40,000. Ongeza makato ya kutuma pesa, nauli ya mzigo kwenye basi na bodaboda kutoka stendi. Tuseme vyote ni 10,000. Chupa yako sasa ni 50,000, yaani robo nzima juu ya bei uliyokubali. Chupa hutoa kama mipulizo 1,000, na ukitumia kumi kwa siku itakwenda siku 100: shilingi 500 kwa siku.

Kuna na hatari ya njiani. Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na kifuniko kilicholegea kinatosha kumwaga nusu ya mali yako. Ikifika siyo yenyewe, kuirudisha kunakula nauli nyingine. Na kama unaihitaji kwa harusi ya Jumamosi, usihesabu mzigo ambao bado haujapanda basi.

Mafuta ya kupima

Haya ni marashi ya mafuta yasiyo na spiriti, yanayouzwa kwa mililita. Tuseme mililita moja ni 1,000: mililita 10 ni 10,000, na kichupa cha gololi 1,000. Mililita 10 ni kama matone 200. Matone manne kwa siku yanakupa siku 50, yaani 220 kwa siku. Ni chini ya bodi sprei, na yanakaa ngozini muda mrefu zaidi.

Mitego yake ni mitatu. Kwanza, kichupa: wengine hukutoza pesa yake juu ya bei ya mafuta, kwa hiyo nenda na chako cha kioo, kisafi na kikavu. Pili, kipimo: omba yapimwe mbele ya macho yako. Tatu, uchakachuaji: dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mafuta huacha doa. Likikauka bila alama, umeuziwa spiriti kwa bei ya mafuta.

Usinunue kwa kunusa kifuniko. Paka kidogo kwenye kiganja, zunguka sokoni nusu saa, kisha nusa tena. Chagua yenye ndimu au mchaichai juu na kitu kizito kidogo chini, kama sandali au karafuu. Ndimu ikiondoka, hicho kizito kinabaki kukusitiri.

Mchaichai wa uani

Hii ni ya bure au karibu na bure. Chemsha fungu la majani ya mchaichai na maganda ya chungwa, funika, acha yapoe, chuja, ujimwagie mwisho wa kuoga. Harufu yake haifiki mchana, na maji yenyewe huchacha baada ya siku mbili tatu kama huna friji. Lakini yakitangulia, matone manne ya marashi yanaweza kuwa mawili, na siku 50 zikawa 100.

Usijipake maji ya ndimu yenyewe ukatoka juani. Yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Dawa ya madoa ni ghali kuliko marashi.

Ukipata mafuta halisi ya mchaichai kutoka Pemba, ambako kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi hutengeneza pia mafuta ya majani mengine mbali na karafuu, usiyapake matupu. Yanawasha. Matone mawili kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi yanatosha.

Kabla hujatoa pesa

Nunua kidogo. Harufu ya ndimu huharibika kwa joto na mwanga, na nyumba ya bati mchana ni tanuri. Weka kichupa chini kabatini, mbali na dirisha. Chupa kubwa ya bei ya jumla inaweza kugeuka kabla hujaimaliza.

Angalia alama ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi; tangu 2019 vipodozi viko chini ya shirika hilo. Na omba risiti, hata kama muuzaji ni jirani.

Kama kazi yako iko kwenye mizinga ya nyuki, Inyonga au kwingineko, acha mchaichai nyumbani. Wafugaji wa nyuki hupaka mafuta yake kwenye mzinga mtupu ili kuvuta kundi. Hutaki kuwa wewe huo mzinga.

Basi amua. Una 2,000: mchaichai na maganda, na mililita moja ya kupima kwa siku ya sherehe. Una 10,000 hivi: mililita 10 za kupima, katika kichupa ulichokwenda nacho. Una 50,000: nunua hizo hizo mililita 10, na 40,000 irudi mfukoni. Mwezi wa kumi na moja mvua zikianza, utakuwa unaihitaji kwa mbegu.